Mlango wa Nyanya Mize

Usiku ule nililala na donge, jambo ambalo si tabia yangu. Mimi nikiudhika husema palepale, nikamaliza, nikala chakula changu. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshasema yote, na Baba Rehema, mume wangu, alikuwa amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akajibu neno moja tu: "Mazeras." Akageukia ukutani, akalala zake.

Sasa ngoja nieleze. Aliyenilea ni nyanya yangu, Mize binti Hamadi, hapahapa kisiwani Mombasa, katika nyumba ya udongo na mabati aliyoijenga kwa kuuza mahamri na viazi vya karai. Kwetu kuna mtindo wa nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, ila pale chini pana mwenyewe, na kila mwezi unampelekea kodi ya ardhi yake. Nyanya alilipa miaka mingi hata akasahau kwamba pale si pake. Ndipo akafanya jambo lililowachekesha majirani: alimwita fundi akamchongea mlango wa mvule, wa vipande viwili, wenye nakshi na misumari ya shaba. Mlango wa tajiri huo, akautia kwenye nyumba ya udongo! Wakimcheka alikuwa akiwaambia, "Chekeni, lakini mkija kwangu mtapita hapohapo."

Alipofariki, haukupita muda ardhi ikauzwa, tukaambiwa tuondoe kilicho chetu. Kilicho chetu kilikuwa mabati, boriti na ule mlango. Mabati na boriti tuliuza. Mlango nikakataa katakata. Miaka sita sasa umeegemezwa nyuma ya kitanda chetu katika chumba cha kupanga, na kila tukihama wanaume wanne wanaubeba huku wakinilaani kimoyomoyo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba utasimama tena kisiwani, kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Pale penye nyumba ya Nyanya pamesimama ghorofa la fleti. Si karibu na pale, ni palepale. Nimelizunguka ghorofa lile mpaka dalali ananijua kwa jina, akaniwekea fleti moja ya juu kabisa, na mwisho wa kupeleka arubuni ulikuwa asubuhi iliyofuata usiku huo. Mimi nashona madera, mume wangu anatengeneza friji. Akiba yetu yote ingekuwa hiyo arubuni tu, na baada yake benki ingetukamua mpaka uzeeni. Akiba hiyohiyo ilitosha kununua kiwanja kizima kule bara, kilimani Mazeras, na hati juu. Baba Rehema alitaka kiwanja. Mimi nilimwambia sikuzaliwa niende kuzeeka na ng'ombe wa watu.

Basi nikalala. Nikajiona niko mtaani kwetu, mchana wa jua kali. Ghorofa halipo, mara lipo. Chini, pale wanapoegesha magari, Nyanya ameketi katikati ya gari mbili, anakuna nazi. Amejifunga leso yake ya rangi ya kungumanga, ile iliyochanika pembeni. Nasikia harufu ya iliki. Anaisukuma gari moja kwa kiganja, vile alivyokuwa akifukuza kuku, na gari inasogea.

"Jiko langu lilikuwa hapa," anaiambia gari.

Nikainama nikamwamkia, shikamoo Nyanya. Hakuitikia marahaba. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka chini taratibu, ndipo akanitazama.

"Mlango wangu umeuweka wapi?"

Yarabi, aibu niliyoona! Nikamwambia uko salama, uko nyuma ya kitanda. Akarudia, "Nyuma ya kitanda," kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia nikivunja kikombe.

Mara tunaupandisha mlango ngazi, yeye mbele, mimi nyuma. Nyanya huyu aliyekufa mguu ukimuuma anapanda kama msichana. Kila ghorofa tunayofika ina harufu ya rangi mpya, hakuna hata moja inayonuka chakula. Nahesabu ngazi, nasahau, naanza tena. Juu kabisa kuna chumba cheupe chenye dirisha, na dirishani nauona mnara wa msikiti wetu, naona na paa la shule niliyosomea. Moyo wangu unaruka. Nasema, umeona, Nyanya? Tumerudi!

Tukautia mlango penye nafasi yake, haukuingia. Tukaugeuza, haukuingia. Nyanya akauegemeza nje, akasimama nyuma yake nisimwone.

"Hodi," akasema.

Nikataka kuitikia. Nani asiyemkaribisha nyanyake? Lakini nilipotazama nilipokanyaga, sakafu ilikuwa kama kioo. Chini yangu naona dari ya mtu, naye chini yake kuna dari ya mtu mwingine, na mwingine, na chini kabisa kifuu cha nazi kando ya gari. Sikuona pangu pa kusimama niseme karibu. "Hodi," akabisha mara ya pili. "Hodi." Hiyo ya tatu. Na Nyanya ndiye aliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka zako kwa heshima. Nikasikia ndara zake zinashuka ngazi, pa, pa, pa, hata zikapotea.

Nilikimbia nikilia. Ngazi zikaisha ghafla, nakanyaga majani. Udongo mwekundu, upepo, mawingu ya mvua upande wa pili wa kilima. Hakuna nyumba. Katikati ya majani Nyanya ameusimamisha mlango wake peke yake, hauna ukuta wala paa, naye anaufuta vumbi kwa ncha ya leso.

Nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika hasa, "Nyanya, huku hakuna mtu! Hakuna msikiti, hakuna jirani wa kumwomba chumvi. Hata bahari hainuki huku."

Hakugeuka. Alimaliza kufuta msumari mmoja wa shaba mpaka ukang'aa.

"Na mimi nilipokwenda kujenga pale," akasema, "nilimkuta nani?"

Maisha yangu yote sikupata kumuuliza. Nilidhani mtaa ulikuwapo tangu dunia iumbwe, na wale mabibi wa barazani walizaliwa wameketi vilevile na kahawa zao. Kumbe alikuja peke yake na karai.

Akaufungua mlango, akapita, akaufunga. Nikabaki upande wangu, namsikia anakohoa upande wa pili.

"Hodi."

Nikatazama miguu yangu. Udongo mwekundu umepanda katikati ya vidole, udongo mtupu, chini yake hakuna dari ya mtu.

"Hodi."

Nikaukumbuka mtaa wetu wote kwa mara moja: asubuhi ya Idi, watoto na nguo mpya, Nyanya anapeleka sinia nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake nimeshika pindo la buibui lake. Nilijua nikiitikia hapa, kule nimeshaaga. Niliupenda mtaa ule mpaka ukaniuma mbavuni. Nikamsikia Nyanya anavuta pumzi ya hodi ya tatu.

"Karibu!"

Baba Rehema aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji. "Unamkaribisha nani saa hizi, Mama Rehema?"

Kulikuwa kunaadhiniwa alfajiri. Nilikuwa nimekaa, machozi yananitiririka, mkono wangu umeushika mlango nyuma ya kitanda. Vidoleni nina vumbi. Sijui kama Nyanya alinisikia kabla hajaondoka, maana sijui neno lile nililitamka nikiwa bado nimelala au nimeshaamka. Nilimwambia mume wangu nimemwota Nyanya, nikamsimulia kidogo, mengine yakanishinda. Alinipangusa uso kwa shuka, hakusema lolote kuhusu Mazeras, na kwa hilo nilimpenda.

Kulipopambazuka dalali alipiga simu. Nikamwambia ile fleti ampe mwingine. Alishangaa, akaanza maneno yake ya mandhari ya bahari, nikakata.

Kisha nikamuuliza Baba Rehema, huko kwako kilimani, nyumba tutaielekeza wapi.

"Unavyotaka wewe," akasema. "Fundi atauliza tu mlango unatazama upande gani."

"Mwambie utazame huku," nikasema. "Utazame Mombasa."