Upinde Niliopata kwa Bei ya Mguu Mmoja

Siku ya tano, tarehe 14, mwezi wa pili. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu, kisha jua kali, kisha saa nane mvua nzito yenye giza, ile ya kumkatisha mtu njiani. Sasa yamebaki manyunyu.

Nimefungua kayé hii, daftari la shule la watoto, kwa sababu ya mvua hiyo. Miaka miwili iliyopita ilinyesha ya namna hii hii, saa nane hiyo hiyo, na nitakachoandika kilinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala shemeji wa jirani. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, tena hilo la sita sikulimaliza, kwa hiyo huenda nitachanganya mambo. Lakini kuchanganya si kusema uongo. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Na yale ya kunipinga nayaandika pia: siku ile sikuwa nimekula tangu jana yake, na njaa inaweza kumwonyesha mtu vitu. Ila niambie wewe unayesoma, njaa inaweza kumpa mtu upinde akaushika mkononi akarudi nao nyumbani?

Tulikuwa na shamba la mpunga upande wa Kabambare, karibu na kijito. Mwaka uliotangulia nguruwe wa pori walilimaliza lote. Mwaka ule wakarudi. Hawakungoja hata giza. Saa kumi na moja, jua bado liko, wanaingia na watoto wao kama watu walioalikwa. Tulipiga masufuria, tuliwasha moto, nilitega waya, wakakata waya. Bunduki usinitajie. Huku kwetu ukiwa na bunduki, hata ile ya zamani ya kuwindia, leo wenye silaha watakuja kuitaka, kesho askari watakuja kuuliza ulimpa nani. Ulibaki upinde. Wa marehemu baba nilikuwa nimeutunza vibaya, mchwa wakaula ndani, na siku ya kuuvuta ulivunjika mikononi kama muhogo mkavu.

Mke wangu, Mama Feza, hakunigombeza. Alisema tu:

"Baba Feza, kwenye gunia imebaki mbegu peke yake. Tukikula mbegu, mwaka ujao tutapanda nini? Kucha zetu?"

Tuna watoto wanne. Mpunga ulikuwa unaanza kuinama, ulihitaji kama wiki tatu tu. Nikaenda Kasongo kwa mguu kutafuta upinde.

Nilikuta mmoja, katika butike moja, umening'inizwa ukutani kati ya ndoo na redio. Ulikuwa mfupi, na ncha zake zote mbili zimegeuka kwenda mbele. Upinde wa namna hiyo unapita vizuri kwenye vichaka, na unarusha mbali kuliko mrefu ulionyooka.

"Hiyo si muti, baba," mwenye duka akaniambia. "Inatoka mbali. Uangalie na macho, usivute."

Nikauliza bei. Akanitajia. Nikacheka kwa aibu.

"Bwana, mbuzi wangu wote wawili hawafiki hapo."

"Basi hao mbuzi uwapeleke kwenye shamba, wapige nguruwe pembe!"

Watu waliokuwa mle wakacheka sana. Lakini sikumchukia, na sitaki umchukie. Barabara yetu unaijua. Kila kitu kinachofika Kasongo kimeteseka kufika. Tena ni yeye huyo aliyenielekeza kwa Muzee Kalonda, mtengenezaji wa pinde, nusu siku ya kutembea kurudi upande wa kwetu.

Muzee Kalonda alikuwa mtu mwembamba mwenye kikohozi kibaya. Aliniambia upinde wake ni kuku mmoja. Kuku mmoja! Moyo wangu ukatua. Kisha akanionyesha fito zake juu ya jiko, bado zina rangi ya majani.

"Hii muti iko mubichi. Inakaa kwenye moshi miezi sita. Ukiivuta sasa itajisahau, itabaki imeinama."

"Muzee, niko na wiki tatu."

"Muti haijue wiki zako, mwanangu."

Nilipiga magoti. Ndiyo, niliyapiga, hapo nje mbele ya wake zake na wakwe zake. Aliniinua, akaniambia hana hata mmoja mkavu. Wa mwisho wenye ncha za kugeuka alimtengenezea mdogo wake, naye alienda nao Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, ili apate nyama huko ambako chakula ni ghali. Hapo akakohoa. Mimi sikuuliza mdogo wake yuko wapi sasa. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mpunga.

Nikaendelea na njia mikono mitupu. Nilijiona si mwanaume. Nilifikiri hata kutofika nyumbani, kupotea tu huko mbele, ili Mama Feza aolewe na mtu mwenye akili. Ndipo mvua ikanikuta, saa nane. Watu wanasema mambo haya hutokea usiku. Mimi yalinikuta saa nane ya mchana.

Pale njiani kuna tanuru la matofali lililoachwa, lenye paa la majani lililotoboka. Nikakimbilia humo. Mtu mmoja alikuwa amekaa ndani, ameegemea matofali. Amevaa koti la kijivu lenye kifungo kimoja. Nywele zake zimejaa udongo mwekundu, na juu ya mapaja yake kulikuwa na upinde mfupi, ncha zimegeuka mbele.

"Karibu, ndugu. Nafasi iko."

"Asante. Mvua imetupata."

"Imekupata wewe," akasema.

Nikacheka. Kweli maji yalikuwa yanaingia kila upande, mimi nimelowa mpaka ndani, na ule udongo kichwani mwake ulikuwa mkavu, unapeperuka. Nililiona jambo hilo. Nililiona nikalipita, kama unavyopita kwa mtu unayeogopa atakuomba kitu.

Nikaona na jingine. Kamba ya upinde ilikuwa imekazwa. Kwetu mwindaji akikaa kupumzika analegeza kamba kwanza, ili upinde nao upumzike. Na mwindaji akifa, kaka yake mkubwa ndiye anayeilegeza, kwa mikono yake, kabla ya maziko. Hakuna mwingine mwenye ruhusa. Mtoto wa kwetu wa miaka kumi analijua hilo. Mimi nililijua pia.

"Uko unatafuta upinde," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Au nilimwambia nikasahau? Mama Feza ananiuliza hivyo kila mara. Naona sikumwambia.

"Unauuza?"

"Umenichosha mukono."

"Bei?"

"Haki ya mwenye silaha, basi. Ya nyama ya kwanza."

Haki hiyo ni mguu wa nyuma. Ukiwinda kwa silaha ya mtu, mguu wa nyuma ni wake, na huo hauliwi na mwingine. Bei gani nyingine ingekuwa rahisi kuliko hiyo?

"Nikuletee wapi?"

"Hapa." Kisha akaniangalia. "Hauniulize hata jina langu?"

Na mimi, amini, nilimjibu: "Jina litaongeza bei, ndugu!" Niliogopa tukijuana sana atabadilisha maneno. Akacheka na yeye. Alipocheka vumbi jekundu likamtoka kinywani.

Akaninyoshea upinde pamoja na mishale mitatu. Vidole vyake vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekunjwa, havikufunguka hata alipouachia. Niliupokea, nikageuka kuangalia kama mvua inapungua, nikageuka tena kumshukuru. Hakukuwa na mtu. Nyayo pia sikuziona. Lakini chini mle kuna majivu magumu, huenda nyayo hazikai. Naandika yote mawili.

Kesho yake jioni nilimpiga nguruwe kwa mshale wa kwanza. Mimi, ambaye hata kuku namkosa kwa jiwe! Watoto waliimba. Nikatenga mguu wa nyuma, nikautundika juu ya jiko.

Kufika tanuru ni mwendo wa saa mbili kwa mguu. Asubuhi nilikuwa nimechoka. Siku ya pili nikasema nitaenda jioni. Siku ya tatu nyama nyingine ilikuwa imeisha na watoto wanauangalia ule mguu. Nikasema: nitaua mwingine, nitampa wa huyo. Mama Feza alikataa. Naandika wazi kwamba alikataa, aliyekata ni mimi.

Tuliuweka motoni saa moja asubuhi. Maji yalichemka. Saa sita nyama ilikuwa nyekundu. Tukaongeza kuni. Saa kumi maji yalikuwa yanachemka mpaka kifuniko kinaruka, na ukiuchoma ule mguu kwa kisu, unatoa damu mbichi, baridi. Baridi ndani ya maji ya moto! Nilitia kidole changu, najua ninachosema. Mama Feza akaipua sufuria.

"Hii nyama iko ya mutu mwingine," akasema. "Uipeleke kwake."

Niliupeleka asubuhi kwenye tanuru, nikautundika. Hakuna aliyetokea. Ndipo zile ncha zilizogeuka zikanirudia akilini, nikaubeba upinde mpaka kwa Muzee Kalonda.

Aliuona tangu nikiwa mbali. Hakusimama. Alikaa chini kwenye udongo.

"Aliyekupa, alivaa koti la kijivu? Kifungo kimoja?"

"Ndiyo, Muzee."

"Ile koti ilikuwa yangu. Shimo ya dhahabu ilimufunika nayo, na upinde wake. Hatukupata hata kandambili." Akafuta macho. "Alisema nini?"

"Alisema upinde umemchosha mkono."

Mzee akalia, mtu mzima yule, bila kujificha. Kisha akanyosha mikono yote miwili. "Unipe. Siwezi kukunyang'anya, ni lazima unipe wewe mwenyewe. Mimi ndiye mukubwa wake. Niilegeze, mutoto alale."

Hapa ndipo kisa changu kilipo. Yule mtu wa tanuru hakunidanganya kitu, wala mzee. Nilimuuliza:

"Ukiilegeza, upinde utapiga tena?"

"Hapana. Ikilegezwa na mukubwa imekwisha. Tunaizika."

Nikaona shamba. Nikaona gunia lenye mbegu peke yake. Nikasema: "Muzee, unipe siku kumi. Nivune kwanza."

"Yeye amengoja miaka mine, mwanangu."

"Siku kumi tu."

Aliniangalia muda mrefu, mikono yake bado imenyoshwa. Kisha akairudisha taratibu, akaiweka kwenye mapaja. "Nitangoja. Lakini na mimi nguvu zangu zinaisha."

Nilining'iniza ule upinde kwenye kibanda cha shamba. Sikupiga tena hata mshale mmoja. Nguruwe walifika mpaka kwenye kijito, wakanusa, wakarudi. Tulivuna shamba lote. Siku ya kumi, kama nilivyosema, si ya kumi na moja, niliondoka alfajiri na upinde mgongoni na kikapu cha mpunga mpya kwa ajili yake.

Kabla sijafika nilisikia vilio. Watu wamekaa chini, turubai limefungwa. Muzee Kalonda alikuwa amekufa jana yake.

Alikuwa na kikohozi kabla sijamjua, huenda angekufa tu. Najiambia hivyo. Lakini angekufa ameilegeza. Niliuliza kama kuna ndugu mwingine mkubwa. Wakaniambia walizaliwa wawili tu.

Basi upinde uko kwangu, juu ya mlango, kamba imekazwa. Pasta aliomba, shehe naye aliomba, wote wawili vizuri, na wote wawili hawakuugusa. Kuikata siwezi, kukata si kulegeza. Mvua ya saa nane ikija, kamba inalia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Na vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia vimekunjwa tangu mwezi ule. Muganga wa sante, wa kituo cha afya, anasema ni mishipa. Huenda ni mishipa. Kalamu hii nimeibana kati ya gumba na kidole cha mwisho, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Wewe unayetafuta upinde wa bei ndogo, utafute, sikukatazi, njaa naijua. Lakini uulize jina, hata kama bei itapanda. Uangalie kamba. Na mwenye haki akikunyoshea mikono, umpe siku hiyo hiyo, hata kama mpunga umesimama shambani na nguruwe wako kwenye kijito.

Jioni hii tumekula wali na sombe ya majani ya muhogo, bila nyama. Mama Feza ametenga sahani mbili kando ya mlango, ya Muzee Kalonda na ya mdogo wake. Asubuhi tutazikuta hazijaguswa, huwa hivyo. Wali ulikuwa wa mbegu ya mavuno yale ya siku kumi. Watoto wameshiba wote wanne. Ulikuwa mtamu.