Kitabu Nyuma ya Vitabu vya Nyuki

Vho-Masindi, fundi magauni wa mtaa wetu hapa Thohoyandou, hajawahi kununua kitabu siku aliyokiona. Kwake huo ni ujinga wa watu wenye mishahara. Akikipenda anakihamisha humo humo kwenye duka la vitabu, anakichomeka nyuma ya vitabu visivyoguswa na mtu, kisha anakwenda zake kungoja siku ambayo kadi ya duka huingiza pointi nyingi za punguzo. Foleni nzima inamjua. Ukifika kaunta huna kadi ya duka, yake imeshakufika puani: "Pitisha yangu, baba, pointi zisiende bure!" Mimi humwambia ana njaa ya pointi, naye hucheka.

Jumatano ya mwisho wa mwezi, siku ya pointi mara tatu, nilimsindikiza. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya ufugaji nyuki, akapenyeza mkono, akatoa kitabu kinene cha kukata magauni ya harusi. Kilikuwa kimoja tu duka zima.

"Unaona? Hakuna aliyekigusa!"

Tulipogeuka kwenda kulipa, Rofhiwa, mlinzi wa mlangoni, alikuwa amesimama kaunta mbele ya meneja, Bi Nemukula, anafungua vifungo vya koti la kazi.

"Kompyuta inasema kitabu cha magauni kipo, rafuni hakipo," meneja alikuwa akisema. "Hakina miguu kile. Ama umeiba, ama ulilala. Weka koti hapa, uende nyumbani."

Nilitazama jalada mkononi mwa rafiki yangu. Ndicho.

"Sema," nikamnong'oneza.

"Hebu nyamaza! Wataifunga kadi yangu. Miaka yote ile niliyokusanya!"

"Na yeye je? Ana watoto."

Alikikumbatia kitabu, akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwenye rafu ya nyuki. Nikajua anachotaka: akirudishe, tutoke kama hatukuja. Nilimchukia pale pale, nasema kweli, na tumesoma naye tangu utoto. Rofhiwa alishatoa mkono mmoja kwenye koti.

"Mwacheni!" Vho-Masindi alipiga kelele hadi watu wakageuka. "Mimi ndiye niliyekificha. Kule, nyuma ya nyuki. Mwacheni baba wa watu!"

Bi Nemukula alinyoosha mkono. "Kadi."

Akachukua mkasi, akaikata vipande viwili. Vho-Masindi alifumba macho. Kisha meneja akamgeukia mlinzi.

"Na wewe hukuona kitu?"

"Nilimwona."

"Ukanyamaza?"

"Ningemtaja, mngemwita mwizi. Siyo mwizi yule. Nilijua atarudi."

Meneja akamsukumia koti lake. Vho-Masindi alilipa bei nzima, bila kubishana, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Mlangoni Rofhiwa alikuwa amerudi kazini. Alipokea risiti yetu, akaikagua kama anavyokagua za wengine.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Vho-Masindi.

"Yameisha, mama. Ila nilikusubiri Jumatano iliyopita, tangu asubuhi mpaka tunafunga. Mbona hukuja?"

Jumatano iliyopita pointi zilikuwa mara mbili tu. Vho-Masindi alikuwa kwake, anangojea tatu.