Dirisha Kubwa la Gorong'a

Siku vita vilipotufikia nilikuwa nasonga ugali wa muhogo, huku nikimsikiliza baba mkwe wangu, Mzee Mwita, akimsimulia mwanangu Chacha habari za nyumba za Waingereza. Wao walikuwa chumba cha mbele, mimi jikoni. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mawe wenye kidirisha cha kupitishia chakula; mlango wa ndani ulikuwa mwisho wa ujia, na hatukuutumia. Nilikuwa nasukuma sahani, narudi nyuma, ndipo mzee anaichukua. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu nilipoolewa Gorong'a.

Kwetu Wakurya, mzee na mke wa mwanawe hawaketi chumba kimoja, wala hawagusani. Tunaiita ensoni, aibu ya heshima. Wanawake wenzangu waliihangaikia kila siku katika nyumba za chumba na sebule. Mara huyu akohoe kwanza, mara yule azunguke kwenye migomba. Mimi nilibahatika. Mwingereza aliyeijenga nyumba yetu enzi za ukoloni hakutaka kupishana na mpishi wake, akaweka mlango wa watumishi kwa nyuma na kile kidirisha. Mpishi mwenyewe alikuwa Mzee Mwita, kijana wakati huo. Mwingereza aliporudi kwao akamwachia nyumba, mzee akahamia mbele, na baadaye nikaja mimi kushika nafasi yake jikoni. Alikuwa akilisema hilo anacheka mpaka anafuta machozi.

Alasiri ile somo lilikuwa madirisha. Alisema nyumba za mabwana wa zamani wa Uingereza zilikuwa na matundu membamba tu, ya kurushia mishale, kwa sababu walikuwa wanapigana jirani kwa jirani. Walipochoka kuuana wakaanza kuyapanua. Zikaja nyumba za mbao nyeusi na lipu nyeupe. Zikaja za matofali mekundu, kisha za mawe, madirisha yamepangwa sawasawa kulia na kushoto, mbele bustani za kutembelea tu, hata mhindi mmoja haupandwi. Mwisho matajiri wakachoka na fahari hiyo, wakajenga nyumba za kuiga za wakulima wao: paa la vigae lenye mteremko mkali, dohani ndefu ya kutolea moshi, na dirisha kubwa lililotokeza nje ya ukuta, ndani yake benchi la kukalia. Ya kwetu ilikuwa ya aina hiyo.

"Ukiona dirisha kubwa," mzee alimwambia Chacha, "ujue hapo watu waliacha kumwogopa jirani."

Mtoto akauliza kama Waingereza nao walikuwa na koo. Jibu sikulisikia. Yowe lilipigwa kutoka ng'ambo ya bonde.

Koo zilizopigana sitazitaja. Leo zinaoana na kuuziana ng'ombe, na sina haja ya kuchokoza kidonda. Ugomvi ulikuwa wa eneo la malisho, na kwa majuma kadhaa ulikuwa umeishia kwenye matusi na ng'ombe walioibwa. Mume wangu, Marwa, alikuwa Nyamongo akichimba dhahabu. Aliamini hautafika kwetu. Na mimi niliamini.

Nilitoka mlango wa nyuma. Nyumba za chini zilikuwa zinawaka, na vijana wenye pinde na mapanga walikuwa wanapanda kwa makundi. Njia ya barabarani ilikuwa imeshakatwa.

Nilirudi ndani. Kando ya jiko kulikuwa na stoo ya mawe, haina dirisha, mlango wake mzito. Nikamwita baba mkwe kwa Kikurya kupitia kidirisha, "Tata, nipe mtoto."

Mzee akampitisha Chacha palepale pa kupitishia ugali. Miguu ilitangulia. Nilimvuta, nikamkalisha stoo.

"Na wewe njoo, Tata."

Nilimsikia akivunja kuni. Nikainama nikachungulia, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alikuwa amepiga magoti mbele ya moto wa ukutani, ule wa kuotea baridi, anarundika majani mabichi juu ya kuni zilizoshika.

"Hawa vijana hawajawahi kukaa nyumba yenye dohani," alisema bila kugeuka. "Wakiona moshi juu ya paa watajua wenzao wameshaichoma."

Nilielewa. Moshi ulipanda vizuri.

Kundi la kwanza lilifika uani, likatazama juu, likapita. La pili vilevile.

"Tata, moto umeshashika. Njoo stoo."

"Wewe uko humo."

"Niko, na mjukuu wako yuko. Njoo."

"Mama Chacha, mimi ni mkwe wako. Tutabananaje mle?"

Nilimwambia nitatoka mimi, yeye aingie. Akakataa. Nilimwambia nitafumba macho. Akakataa. Nilikasirika. Nikamwambia nakuja kumbeba, na nikageuka kuelekea mlango wa ndani.

Kioo kikapasuka.

Mshale mmoja tu, kupitia dirisha kubwa. Sijui kama aliyeurusha alimwona mtu au alitamani tu kuvunja kioo. Hakuna aliyeingia.

Nilirudi kwenye kidirisha. Mzee, mshale ubavuni, alikuwa amejikokota mpaka chini yake, na mkono wake ulikuwa umepita upande wangu. Niliushika. Ulikuwa mkono mgumu, wenye alama za kuungua jikoni, na nilikuwa sijawahi kuugusa. Hakuurudisha.

Alisema, "Ongeza majani."

Nikaingia chumba cha mbele kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikaongeza majani. Kisha nikaketi sakafuni, nikaweka kichwa chake mapajani mwangu. Wengine walipita, wakatazama moshi, wakaendelea. Mzee Mwita alifariki kabla askari hawajafika. Katika upande wetu wa kilima, nyumba iliyobaki ni ile tu.

Baada ya matanga, ndugu wa mume wangu walitaka dirisha lizibwe kwa tofali, liachwe tundu dogo la hewa. Nilikataa. Waliniuliza mwanamke wa kuja anaamuaje nyumba ya baba yao. Niliwajibu kwamba baba yao hakufa ili nyumba yake igeuke ya kumwogopa jirani. Marwa alikwenda Tarime mjini kununua kioo.

Nimeyapima haya kwa miaka mingi. Moshi wake ulituokoa, na hatua chache alizokataa kutembea zilimuua. Sijawahi kuidharau ensoni. Nimelelewa nayo na nimewalea wanangu nayo. Lakini nyumba ile ilitusaidia mno kutengana, mpaka siku ya kukaa pamoja hatukujua tuanzie wapi. Naumia nikilisema, na nalisema.

Dirisha lipo mpaka leo. Kidirisha cha chakula nilikibomoa kwa mikono yangu, nyundo na tindo, nikateremsha uwazi hadi sakafuni, fundi akaniwekea fremu ya mlango. Marwa anazeeka chumba cha mbele, na mke wa Chacha ndiye anayepika. Anapoleta chakula hukohoa, Marwa hugeukia dirishani, naye huweka sahani mezani na kuondoka. Heshima yao ni yao.

Ila fundi alipouliza mlango wenyewe nataka wa mbao gani, nilimwambia fremu inatosha.