Kizibo cha Rangi ya Uji wa Wimbi

Mpingo ukisuguliwa una harufu yake. Si tamu kama ya mwerezi, wala si kali kama ya mbao mbichi. Ni harufu ya kitu kilichotaka kuungua kisha kikabadili nia. Mimi naisikia mpaka leo nikipitisha kitambaa chenye nta kwenye kabati la vyombo lililo hapa kwangu Kayole. Juzi nilikuwa nalifuta, na mjukuu wangu Barasa amekaa chini anagusa kwa kidole zile nundu ndogo nyeusi zilizopangwa kwenye pembe za milango. Akafika pembe ya juu, mkono wa kulia, kidole kikasimama.

"Kukhu," akaniuliza, "hapa fundi aliishiwa na nyeusi?"

Nilicheka mpaka kitambaa kikanitoka mkononi. Swali lilo hilo niliuliza mimi nilipokuwa kama yeye, ila mimi nililiuliza na machozi.

Msisikie naitwa kukhu mkadhani nasimulia mambo ya mkoloni. Mimi niliolewa mapema, na binti yangu naye hakukawia, ndiyo maana nina wajukuu na magoti bado yanapanda ngazi. Haya yalikuwa Huruma, miaka ya tisini ikianza. Shule niliachia darasa la sita, lakini jina la mtu likishaingia kwangu halitoki.

Baba yangu alikuwa Fundi Wafula, wa kibanda cha mabati kando ya barabara, mkono wa kushoto ukitoka Mathare. Alitengeneza viti, meza na makabati, na kazi yake ilijulikana kwa vizibo. Mafundi wengine walikuwa wakishakaza skrubu wanafunika tundu kwa unga wa mbao na gundi, basi. Baba alikuwa analichonga lile tundu kwa patasi liwe na pembe nne, halafu analiziba kwa kipande cha mpingo. Mbao ya mvule ina rangi ya asali, na kile kizibo cheusi kikikaa pale juu kinang'aa kama jicho la mbuzi. Mpingo wenyewe alikuwa anaupata kwa Mutisya, mchongaji wa vinyago kule Gikomba, vile vipande vinavyobaki twiga akishatokea kwenye gogo.

Kusugua vichwa vya vizibo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule. Baba alikuwa anaupasua mpingo kuwa kijiti chembamba cha pembe nne, ananipa. Mimi naweka msasa juu ya kipande cha blanketi kuukuu, ili uwe laini chini, nasugua ncha ya kile kijiti nikikizungusha polepole mpaka kichwa kinavimba katikati kama mto mdogo wa kulalia. Halafu msasa laini zaidi. Halafu nakisugua kwenye sketi ya shule, na hapo ndipo mng'aro unakuja. Baba anakikata, anakipunguza kidogo upande wa chini kwa tupa ili kiingie, anakipaka gundi, anakigonga na nyundo ya mti. Tok, tok, tok, kisha tuk. Ukisikia tuk, kimefika. Baada ya hapo hata ulie hakitoki, labda ukitoboe na keekee, uharibu mlango wote.

Vumbi la mpingo liliniingia kila mahali. Nilikuwa napenga kamasi jeusi, na Mama ananiambia, "Wewe Nekesa, nilikuzaa mtoto au nilikuzaa gunia la makaa?"

Sasa sikieni ajabu. Nyumba ya huyo fundi anayesifiwa, chumba chetu kimoja cha ghorofa ya tatu, haikuwa na kabati. Sahani zilikaa kwenye karai chini ya kitanda. Wageni walikalia debe. Si kwamba Baba hakutaka. Kila alipomtengenezea Mama kabati, alilitengenezea pale kibandani, kwa sababu chumbani hapakuwa na nafasi ya kunyoosha msumeno, na kibanda kilitazama barabara. Mtu anapita, anasimama, anapapasa, anasema, "Fundi, hii naichukua." Na Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa mmoja. Neno hapana lilikuwa halimtoki mdomoni. Alikuwa anasema, "Sawa, mkubwa," halafu anakuja nyumbani akitembea kama mtu aliyefiwa.

Jirani yetu Mama Njeri alikuwa akija kuomba chumvi lazima amchokoze Mama. "Mke wa fundi na unakalia debe! Mimi bwanangu ni wa kuuza mitumba, lakini kabatini kwangu unaona na maua ya plastiki."

Mama anacheka. Lakini mimi mtoto niliona kile kicheko kinakauka haraka kila siku.

Jioni moja Mama alikuwa anasonga ugali, Baba akaingia, akavua kofia, akaanza kuizungusha mkononi. Mama hakugeuka.

"Limeenda?" akauliza.

"Mama Nekesa, yule mtu alikuwa ametoka mbali..."

Mama akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, vile mnavyougonga ili ugali uliobaki uanguke. Ila siku hiyo aligonga kwa nguvu nyingine. Mwiko ukakatika. Kichwa kikabaki ndani ya ugali, mpini ukaruka mpaka mlangoni. Ule mwiko alipewa na mama yake mzazi siku alipotoka kwao Bungoma kuja kuolewa. Ulikuwa umesonga ugali mwingi mpaka ukawa na rangi ya uji wa wimbi.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayesema mvua inakuja, "Baba Nekesa, Krismasi nikienda nyumbani nitakaa. Mama yangu ana kabati."

Tukala ule ugali. Baba akaokota mpini, akaugeuza, akauangalia vile anavyoangalia mbao yoyote, akautia kwenye mfuko wa koti. Nilidhani anaenda kuutupa.

Tangu siku hiyo nilikuwa naamka nikitafuta kwanza kama Mama yuko. Na Baba alipoanza kabati jingine, niliona kwamba kabati hilo likiuzwa, mimi sina mama. Nilisugua vile vizibo kana kwamba nasali. Cha mwisho nilikisugua hadi nikajiona ndani yake, pua kubwa, macho madogo. Nikampa Baba mkononi.

Siku iyo hiyo akapita Bwana Oduori, karani wa ofisi fulani mjini, anakaa mtaa wa Tena, mtu wa tai hata Jumamosi. Akafungua milango, akafunga, akafungua.

"Fundi, hii ni yangu. Asiguse mtu."

Nilimtazama Baba. Nilimsemesha kwa macho. Baba akakohoa. "Bado kizibo kimoja, mkubwa. Pitia Jumamosi."

Jumamosi nilifika kibandani nikimfuata Baba nyuma. Kabati lilikuwa limesimama barabarani, limepakwa nta, linawaka. Vizibo vyote vyeusi, vyote vya mkono wangu. Isipokuwa pale juu kulia. Pale palikuwa na kimoja chekunduchekundu, kimesuguliwa vizuri, kimekaa sawasawa, lakini si cheusi! Ilikuwa kama mtu mzuri amecheka ukaona ana jino moja la kahawia.

"Baba! Cha mwisho nilikupa! Kiko wapi?"

"Kilianguka kwenye maranda," akasema, anafagia. "Sikukiona."

"Mutisya si ana mpingo? Baba, umeishiwa na nyeusi?" Na machozi yakaanza, kwa sababu niliona amenivunjia kazi yangu na Mama bado anaenda.

Bwana Oduori akaja. Akapapasa mlango kutoka chini kwenda juu, na kidole kikasimama pale pale.

"Hii ni nini, fundi?"

"Kizibo, mkubwa."

"Nakiona. Kitoe, uweke kama wenzake."

"Kimeshaingia na gundi. Nikikitoa nitaacha donda kwenye mlango."

"Na hiyo rangi hukuiona ukigonga?"

Baba akatazama chini. "Nilikigonga hivyo."

Bwana Oduori akatikisa kichwa, akasema anasikitika, akaenda zake. Wakaja wengine siku hiyo. Wote walipenda kabati, na wote kidole kiliwasimama pale juu. Fundi Kamau wa kibanda cha pili akaacha randa yake akaja kuangalia.

"Wafula! Macho yameanza kuzeeka, ama umeanza kunywa? Mtoto wangu wa nasari hawezi kukosea hivi."

Baba, ambaye watu walitoka Buruburu kumtafuta kwa ajili ya vile vizibo, alicheka kidogo tu. Akaendelea kufagia palipofagiwa. Jioni akakodi mkokoteni.

Kabati lilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kwa kelele za jengo zima. Mama Njeri alishika mlango huku akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Lilipowekwa ukutani Mama akafuta mikono kwenye leso, akalisogelea. Akapapasa mlango. Nilikuwa nimejibana nyuma ya pazia naomba asione kile kilema. Kidole kikafika. Kikasimama. Kikakaa pale muda mrefu kuliko vidole vyote vya siku ile.

Akaondoa kidole. Alirudi kwenye jiko, akasonga ugali na mwiko aliouazima kwa Mama Njeri, na baadaye kidogo akasema bila kugeuka, "Baba Nekesa, kesho uninunulie mwiko. Huu wa watu ni mfupi, unanichoma."

Krismasi tulikwenda Bungoma, na tukarudi wote.

Miaka mingi mimi nilijua tu kwamba tuliponea kwa bahati. Kwamba Baba alikosea, na kosa lake likatuokoa. Hata nilikuwa namtetea wakimcheka. Tulipomzika, ndugu zangu waliniachia sanduku lake la kazi. Chini kabisa, ndani ya kipande cha msasa kilichokunjwa, nilikuta kizibo cha mpingo. Kilikuwa kimefifia, lakini nilipokisugua kwenye nguo nikaona pua kubwa, macho madogo.

Nikakipeleka kwa Mama, mzee tayari, amekaa uani anachambua mboga ya kunde. Nikamwonyesha mkononi.

"Mama, kumbe hakikupotea. Ulijua?"

Akakitazama, akarudi kwenye kunde zake.

"Nekesa, mwiko wangu mwenyewe, nisiujue?"

Sasa ndiyo naelewa ile Jumamosi ilikuwa siku gani kwa Baba. Mtu aliyeishi kwa kusifiwa mkono wake alisimama barabarani kutwa nzima akaacha watu waseme hajui kazi, kwa sababu lile neno hapana lilikuwa halimtoki mdomoni, ikabidi alikate kwa msumeno na kuligonga na nyundo.

Hayo yote sikumwambia Barasa. Nilimpa kile cheusi akichezee. Alikijaribu kila mahali kwenye kabati, juu, chini, pembeni, akisukuma kwa kidole gumba.

"Kukhu, hiki hakina tundu."

"Hakina," nikamwambia. "Kirudishe kwenye droo."