Bungoma Hawagongi

Kwa miaka minane niliishi kwa kazi ambayo mama yangu mpaka leo hajui aielezeje kanisani. Nilikuwa mpiganaji wa kulipwa, lakini si wa ngumi. Ngumi zangu zilikuwa za aibu. Kazi yangu ilikuwa kumwangusha mtu, kumfuata chini, kumshika shingo au mkono au goti mpaka aone hana njia, kisha agonge. Kugonga ndiko kukubali. Unaupiga mkeka kwa kiganja, au unampiga mwenzako mgongoni, mara mbili tatu, refa anawatenganisha, mnasimama, mnakumbatiana. Hakuna aliyeumia. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ya huo mwisho wake, maana kazi nyingine nyingi nilizoona watu wakizifanya hazina mahali pa kugonga.

Baba hakuipenda. Yeye ni mkulima wa mahindi, alihama kutoka Mkoa wa Kati akiwa kijana akaanza upya hapa Trans-Nzoia na jembe moja, na alitarajia mwana wa kiume wa maana. Siku ya kwanza aliponiona nikifanya mazoezi alisimama mlangoni kwa muda mrefu, kofia mkononi. "Sasa wewe," aliniuliza tukirudi nyumbani, "mtu mzima na ndevu zako, unakumbatiana na wanaume chini, ati hiyo ni kazi?" Nilimwambia kuna watu wanalipwa kwa hiyo kazi huko ng'ambo. Alisema huko ng'ambo kuna watu wanalipwa kutembeza mbwa.

Tulifanyia mazoezi katika ghala la mahindi pale Kitale. Ghala likiwa tupu, lilikuwa letu. Mavuno yakiingia, tulifukuzwa tukahamia uani, tukapigana kwenye matope. Mkeka wetu ulikuwa magunia yaliyojazwa maganda ya mahindi, yakashonwa pamoja, juu tukatandika turubai la lori. Panya walihamia humo ndani na familia zao. Ukimtupa mtu vizuri ulisikia wakilalamika.

Mwalimu wetu alikuwa askari jela mstaafu aliyejifunza judo kazini na hii mitindo mipya kwa kuangalia kanda za video, akizirudisha nyuma mara kumi kumi mpaka mashine ya jirani yake ikafa. Alikuwa mpole kama katekista, ila kwa jambo moja: ukichelewa kumwachia aliyegonga, anakuchapa kofi la kisogoni. "Achia kwanza, fikiria baadaye," alikuwa akisema. Kwa hiyo sisi wa Kitale tulikuwa watu wa kugonga. Tuligonga haraka, tuligonga bila haya. Kabila gani, mtoto wa nani, haikujalisha, ukibanwa unagonga na kesho unarudi. Nilidhani dunia yote iko hivyo.

Halafu ikaja habari ya mashindano ya Bungoma. Yalikuwa ya siku moja, kwenye ukumbi wa mjini, na bwana mmoja kutoka Kampala alikuwa anakuja kutafuta wapiganaji wa kuwapa mkataba. Mmoja tu kwa kila uzito. Baba alisikia akaweka sharti lake mezani pamoja na chai. Nikishinda, niende Kampala na yeye hatanitajia tena habari ya shamba. Nikishindwa, Jumatatu asubuhi niko dukani kwa mjomba nikiuza mbolea, na habari ya kukumbatiana na wanaume imekwisha. Nilikubali. Mjomba wangu ni mtu mwema, lakini nilikuwa nimewahi kumsaidia wiki moja, na harufu ya ile mbolea ilinifuata mpaka kwenye ndoto.

Mpinzani wangu nilikutana naye asubuhi kwenye mizani; katika uzito wetu tulikuwa wawili tu. Alikuwa fundi wa mawe kutoka Kimilili, kijana wa umri wangu, mfupi, mabega mapana, viganja vigumu hata ukimsalimia unasikia kama umeshika tofali. Alikuwa amekulia kwenye mieleka ya nyumbani kwao. Tulipatana mara moja. Aliniambia anamjengea mama yake nyumba ya mawe, yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kila jioni akitoka kazini, na sasa ukuta umefika linta, juu ya madirisha. "Mama amekuja kuniangaria," alisema, akanionyesha mwanamke mnene kwenye safu ya mbele, amevaa kitambaa cha kichwa cha kijani, mwavuli umelala mapajani. Nyuma yake walikuwa wanaume wapatao ishirini wenye makelele. "Na hao ni wenzangu. Turitahiriwa pamoja."

Mimi nikawapungia mkono. Sikujua nilichokuwa nikikiangalia.

Refa alikuwa mzee wa ngumi. Walikuwa wamemweleza sheria asubuhi ile ile, akaitikia kila kitu, lakini tulipoanguka chini mara ya kwanza alitusimamia akaanza kutuhesabia: moja, mbili, tatu. Tulisimama wote wawili tukamwangalia. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mwalimu wangu alilazimika kupanda kwenye kona na kumweleza tena, kwa heshima, kwamba huku kwetu kulala chini ndiyo kazi yenyewe.

Raundi ya kwanza niliipoteza wazi. Jamaa alinibeba akanitupa mara tatu, na kila mara wale wenzake waliimba. Raundi ya pili akanitupa tena, lakini safari hii nilianguka na mkono wake wa kulia. Ule mkono nilikuwa nimeufanyia mazoezi elfu. Miguu yangu juu ya kifua chake, kiganja chake kifuani kwangu, kiwiko chake juu ya kinena changu. Ukiinua kiuno kidogo tu, kiwiko kinanyooka kupita pale Mungu alipokusudia. Niliinua kidogo. Nikasubiri agonge.

Hakugonga.

Niliinua kidogo tena. Nikageuza uso nikamwona anaangalia dari, macho wazi, hapepesi hata ukope.

"Gonga," nikamnong'oneza.

"Nigonge nini?"

"Mkeka, bana! Mkono utavunjika huu."

"Wacha uvunjike," alisema kwa utulivu kabisa, kana kwamba tunaongea habari ya mvua. "Mama iko pare mbere. Na vijana wote wananiangaria. Ati nigonge?"

Ndipo nikaelewa. Kwao, mwezi wa Agosti, mwaka wa tohara, kijana husimama uani alfajiri amepakwa matope kichwa mpaka miguu, ukoo mzima umemzunguka, na kisu kinapokuja hatikisiki, hapepesi macho, hakunji uso. Akitikisika, watu watalisema jambo hilo mpaka wajukuu zake walisikie. Huyu alikuwa amesimama hivyo mbele ya mama huyo huyo na wanaume hao hao ishirini. Kugonga mkeka mbele yao kungekuwa kulirudia lile jambo na safari hii kushindwa. Mimi nilitahiriwa hospitalini, na sindano ya ganzi, na bado nilipiga kelele hata nesi akafunga dirisha. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani wa kumfundisha huyu kijana habari ya maumivu.

Refa alikuwa amepiga magoti kando yetu akimwangalia usoni, akaona uso hauna shida, akaashiria kwa kichwa kwamba tuendelee. Mwalimu alikuwa anapiga kelele kwenye kona: "Maliza! Inua kiuno! Maliza!" Yeye hakuuona uso wa kijana, alikuwa upande wa mgongo wangu. Nilisikia kile kiwiko kikitoa sauti ndogo, mlio mwembamba wa tawi kavu linalokaribia kukatika. Sekunde moja zaidi na Kampala ilikuwa yangu. Niliiwaza Kampala. Niliwaza magunia ya mbolea. Nikawaza ukuta uliofika linta na nani angeumalizia. Nikashikwa na hasira, hasira ya kweli, kwa kijana huyu mkaidi aliyeniachia mimi uamuzi ambao ulikuwa wake.

Nikauachia mkono.

Sitajidai kwamba nilikuwa na mpango. Niliachia kwa sababu sikuweza kuendelea, basi, na moyoni nilijua Jumatatu niko dukani. Lakini yeye alipohisi mkono uko huru akajipindua haraka apate kusimama, na mtu anayejipindua hivyo anatoa mgongo. Mwili wangu ulifanya wenyewe. Nilipanda mgongoni, nikafunga miguu kiunoni mwake, mkono wa kulia ukaingia chini ya kidevu, wa kushoto ukafunga nyuma ya kichwa. Kabali hii haiumizi. Inabana mishipa ya pande mbili za shingo, na mtu asipogonga, analala. Hata yeye hakuwa na la kufanya kuhusu hilo. Usingizi hauna ujasiri wala woga. Nilihisi mabega yake yakilegea, nikaachia kabla sijafikiri, nikamlaza polepole.

Refa akaanza kuhesabu. Safari hii hakuna aliyemzuia.

Alipofika sita nilipigwa na kitu cha chuma kichwani. Niligeuka nikakutana na kitambaa cha kijani. Mama alikuwa amepita kati ya kamba, sijui vipi kwa unene ule, na mwavuli wake ulikuwa unashuka tena. Nilipigwa mabega, nikapigwa mgongo, nikapigwa mkono niliojikinga nao. Nilikimbia kuzunguka ulingo na yeye nyuma yangu, refa nyuma yake. Katika miaka yangu yote minane hakuna mpinzani aliyenipata mara nyingi kiasi hicho.

Kijana alifungua macho baada ya sekunde chache, kama kawaida. Kitu cha kwanza alichouliza, akiwa bado amelala chali, kilikuwa: "Niriria?"

"Hapana," nilimwambia kutoka upande wa pili wa ulingo. "Hukulia."

Akatabasamu. Wenzake wakaruka kamba, wakambeba juu juu, wakaimba kwamba hakugonga, hakutikisika, alilala tu kwa uchovu. Mimi nikainuliwa mkono na refa. Tulitoka ukumbini wote wawili tukishangiliwa, yeye zaidi yangu, na sikuona kosa lolote katika hilo. Bwana wa Kampala alinipa karatasi ya kutia sahihi huku akicheka bado.

Kwenye barabara ya kurudi Kitale mwalimu alikuwa na swali moja. "Ule mkono. Uliteleza?"

"Jasho," nilimjibu.

"Nilidhani hivyo," akasema. "Siku nyingine ufute kwanza."

Nilimwacha aamini hivyo. Wapiganaji wenzangu waliamini hivyo. Mpiganaji anayesifika kwa kuachia mikono ya watu hawezi kukaa sana kwenye kazi hii, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza naanza. Tangu siku ile nikawa mtu wa shingo. Nilirudi Bungoma mara nyingine tatu na sikuwahi kumshika mtu wa huko mkono. Niliwalaza, wakaamka, wakaniuliza kama wamelia.

Lakini usiku nilikuwa nikikisikia kile kiwiko. Sikujua nilikiachia mapema au nilichelewa. Mwezi ulipita, sikupata habari. Halafu yule kijana akanipigia simu: mama anataka kukuona Kimilili, uje Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajui, yeye ametumwa tu. Nilimuuliza kama mwavuli bado upo. Akacheka, akakata simu.

Nilikwenda. Nilivaa nguo yangu nzuri, nikabeba sukari na majani ya chai, nikajiandaa kuomba msamaha. Kijana alinipokea njiani kwa mkono wa kushoto, na moyo wangu ukashuka, mpaka nilipoona wa kulia umeshika mwiko wenye saruji mbichi. Mama alitoka, akasema mulembe, salamu yao ya amani, akanikaribisha ndani. Akaingia jikoni, akarudi na chakula. Kuku mzima, na juu ya sahani yangu ile firigisi ambayo kwao hupewa mwenye nyumba au mgeni mkubwa, na si mtu mwingine.

"Mama," mwanawe akasema, "hiyo si ni yangu?"

"Wewe kura paja," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Watu wote wanasema mkono uriteresa."

"Ndiyo, mama. Jasho."

"Mimi nimefua nguo maisha yangu yote," alisema. "Ninajua kitu ikiteresa na kitu ikiachiriwa. Wewe uriachiria. Mimi niriona."

Sikuweza kumwangalia. "Sasa mama," nikasema, "mbona ulinipiga vile?"

"Mtoto wangu amerara chini mbere ya watu. Urifikiri nitakupigia makofi?"

Tulicheka sote, mimi na kijana mpaka tukaegemeana. Halafu kicheko changu kikageuka, sijui lini, na machozi yakawa yananidondokea kwenye sahani, katika nyumba ya watu wasiopepesa macho. Nilijifuta haraka nikasema ni pilipili.

"Hii nyumba haijawahi kuwekwa piripiri," mama alisema, na akaniongezea ugali.