Mama Paka na mashine yenye harufu ya radi

Jua linachungulia dirishani na Mama Paka amepiga magoti, brashi mkononi, ndoo ya maji ya uvuguvugu na siki pembeni. Anasugua kona ambayo paka dume wa mteja mpya ameichagua kuwa choo.

"Sanduku la mchanga lile pale, lakini bwana mkubwa hataki," anasema, akimkazia macho paka aliyejilaza juu ya kabati kama hakimu. "Wewe tutazame tu. Mwenzako magoti yananiishia."

Kazi yake ni kulea wanyama wa watu waliosafiri: paka, mbwa wadogo, mara mojamoja ndege. Aliianza alipopunguzwa kazi ya usafi ofisini, na ndiyo inayolipa kodi na kumsomesha binti yake ualimu.

Lakini kazi hii ina adui wake. Mkojo wa paka ukishaingia kwenye zulia, hauondoki kwa kubembelezwa. Mwaka jana majirani walilalamika, na mwenye nyumba akaja na neno moja: mwisho wa mwezi akikuta bado pananuka, Mama Paka na wanyama wake watafute pengine.

"Hakugomba," anakumbuka. "Angegomba ningemzoea. Ule upole wake ndio ulionitoa jasho."

Hapo akajitokeza shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa televisheni. Alikuwa amesikia kwamba vyumba vya hoteli vinavyonuka sigara husafishwa kwa hewa iitwayo ozoni. Akachukua transfoma ya bango la taa, vipande vya kioo na wavu wa chuma, akavipanga ndani ya boksi la mbao lenye feni ndogo. Cheche za umeme zingeigeuza hewa ya kawaida kuwa ozoni, na ozoni ingeila harufu.

"Hii ikishindwa, shemeji, nivue ushemeji."

"Nikuvue mara ngapi? Ile pasi uliyonitengenezea bado inatupiga shoti."

Mashine ikavuma kama mzinga wa nyuki. Chumba kikajaa harufu kali, kama ile inayobaki hewani baada ya radi. Mama Paka akaipenda. Aliona huo ndio usafi wenyewe. Kila ilipoonekana kufifia, aliiacha mashine iendelee zaidi. Wanyama hakuwatoa.

"Nilifunga hata madirisha," anasema, "ili usafi usitoroke."

Haikuchukua muda, akawa hasikii hata chembe ya mkojo. Alisali kushukuru, kisha akampigia simu mwenye nyumba yeye mwenyewe, aje anuse kabla ya siku aliyoiweka.

Mwenye nyumba aliingia hatua mbili, akatoa leso.

"Mama, hapa pananuka paka," alisema, macho yakimtoka machozi. "Halafu kuna kitu kingine kinanikwaruza koo. Umeunguza nini?"

"Baba, unanitania. Mimi sisikii kitu."

Akaitwa jirani wa mlango wa pili. Alichungulia, akaziba pua, akaondoka bila kuaga.

Hapo Mama Paka akaelewa. Harufu haikuwa imekwenda popote. Kilichokufa ganzi ni pua yake. Kikohozi alichokiita mafua kikapata maana. Akamgeukia kasuku wa mteja, ambaye kwa kawaida humtukana kila mgeni. Alikuwa kimya, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi.

Mwenye nyumba ndiye aliyezima umeme. Mama Paka alifungua madirisha, akawatoa wanyama uani, akakimbia na kizimba cha kasuku hadi kwa daktari wa mifugo.

"Ozoni haichagui," daktari huyo anaeleza. "Ile inayotosha kuua harufu inatosha kuchoma mapafu, na ndege huumia kwanza. Wenye hoteli huiwasha chumba kikiwa kitupu, kisha hupitisha hewa safi kabla mtu hajaingia. Ya kuundwa nyumbani haina kipimo, na umeme wake pekee unaweza kuua. Isitoshe, inalewesha pua, kwa hiyo unaongeza tu."

Kwa rehema za Mungu, kasuku alipona. Daktari alijua amepona alipotukanwa.

Zulia lilitupwa. Sakafu ikasuguliwa, mchanga ukawa unabadilishwa asubuhi na jioni, matandiko yakaanikwa juani. Shemeji aliivunja mashine kwa mikono yake. Akanunua feni mpya, akaifunga dirishani itoe hewa nje.

"Nilisema nivuliwe ushemeji, akakataa," anasema fundi huyo. "Kanipa brashi."

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alirudi. Alinusa kila kona, akainama hata chini ya kabati, Mama Paka akimfuata nyuma huku akiomba kimoyomoyo. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Kaa."

Sasa Mama Paka anataka kujenga banda la wavu uani, paka wapate kulala penye hewa na mvua isiwafikie. Mwenye nyumba amekubali, tena hataki kodi ya ziada. Ana sharti moja, na alilisema kwa sauti ya chini akitazama mlangoni.

"Kumbe ana paka wawili kwake," Mama Paka anasema, akikamua kitambaa. "Mkewe kachoka na harufu. Jumamosi niende na ndoo yangu."