Nazi Niliyompelekea Daktari wa Jeshi

Chekeni tu, hata mimi ningecheka kama mdomo ule usingekuwa wa kaka yangu, lakini aibu ya siku ile uwanjani Vitengeni ni yangu mwenyewe, na mpaka leo nikipita chini ya mnazi naangalia pembeni.

Kaka Kazungu alilitaka jeshi tangu utotoni, na mwaka ule ndio ulikuwa wa mwisho kwa umri wake. Mbio anazo, kifua anacho, ila jino moja la mbele hana (alipigwa pembe na mbuzi wa babu, mbuzi ambaye baadaye tulimla kwa hasira), na jeshi hukagua meno kama mtu anayenunua punda. Kwa hiyo tukapanga amwombe daktari msamaha, kwa adabu, na mimi nimshikie suruali akibaki na kaptula ya mbio. Suruali tu, basi. Lakini mimi na akili zangu za kidato cha tatu nikaona adabu haitoshi, nikatia nazi kavu mkobani kutoka kwetu Gede, maana Kazungu hufua nazi kwa meno, anang'oa makumbi yote, na mtaa mzima humshangilia.

Zamu yake ikafika, mimi niko nyuma ya kamba, karibu kabisa na meza. Daktari, mama mmoja mwenye magwanda, akammulika kinywa.

"Hili limeenda wapi?"

"Mbuzi, afande. Naomba unisamehe hilo moja."

Yule mama akacheka. "Mengine mazima. Haya, tumelisamehe. Songa mbele."

Alishasamehewa, jamani! Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka: "Afande, si mazima tu, hayo anafulia nazi!" Na nazi nimeinyanyua juu.

Uwanja mzima ukageuka. Vijana wakaanza, "Afue! Afue!" Kazungu akanitazama kama anayechagua pa kunizika, ila daktari alikuwa ameshakunja mikono, "Hebu tuone," na afande akisema hivyo utamjibu nini? Kazungu akaipokea nazi, akaiuma, akavuta, tukasikia ka!

Nikadhani ni kumbi. Kazungu akaziba mdomo, damu ikapita vidoleni, na jino limeganda kwenye nazi, jeupe, linanitazama mimi. Hakuna aliyecheka, hata wale waliokuwa wakipiga kelele.

Daktari akampa pamba, polepole, kama msibani. "Kijana wangu, moja niliweza. Mawili siwezi."

Tukarudi nyumbani Gede. Mama alikuwa mlangoni anangoja. "Mwanangu, wamekuchukua?" Kazungu akafungua mdomo tu, Mama akashika kichwa, kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilishika suruali, Mama."

Basi nimeapa: mtu akishasamehewa mbele yangu, nitanyamaza, nitampa suruali yake, twende zetu nyumbani.